Faili la Access limegoma kufunguka baada ya umeme kukatika: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja mkoani Njombe. Kumbukumbu zetu zote za akiba, hisa, mikopo na marejesho zimo katika faili moja la Microsoft Access (programu ya kutunza kumbukumbu katika majedwali), lile lenye kiishio cha accdb, ukubwa wake kama megabaiti 210. Faili linakaa kwenye kompyuta ya meneja, na sisi wawili tunalifungua kutoka kwenye meza zetu kupitia folda ya pamoja. Mimi natumia laptop kwa Wi-Fi. Jumatatu saa nane mchana umeme ulikatika nikiwa naingiza marejesho. Uliporudi, faili likagoma, linasema “Unrecognized database format”. Nimebonyeza “Compact and Repair” mara mbili, mara zote mbili limekataa. Bakapu niliyonayo iko kwenye flashi, ni ya miezi minne iliyopita. Mkutano mkuu uko karibu. Je, data imepotea?

JIBU: Pole sana, dada. Kabla hujamaliza kusoma, fanya hili kwanza: usilifungue tena faili hilo, na waambie wenzako wasiliguse. Nenda kwenye kompyuta ya meneja yenyewe, chomeka flashi au diski ya nje, unakili folda nzima. Nimesema folda nzima kwa sababu ndani yake huenda kuna vitu ambavyo hujaviona. Lipo pengine faili dogo lenye jina lilelile na kiishio cha laccdb. Hilo ndilo orodha ya waliokuwa ndani, lina majina ya kompyuta zilizokuwa zimelifungua faili kubwa umeme ulipokatika. Pengine kuna faili lenye jina linaloishia na “_Backup”, ambalo Access hulitengeneza yenyewe ikifungwa ghafla au ikijaribu kukarabati. Mara nyingine hukutwa humo faili la muda lililoachwa na ukarabati ulioshindwa katikati. Usifute hata kimoja. Nakala hiyo ya kwanza iandike “ASILI”, iweke kabatini, na kuanzia hapo kazi zote tutazifanya kwenye nakala ya nakala.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu kitufe ulichobonyeza. “Compact and Repair” haifanyi kazi kama fundi cherehani anayeziba tundu kwenye nguo ileile. Inaanzisha faili jipya tupu, inahamishia humo kila inachoweza kukisoma, kisha inaliweka jipya mahali pa la zamani. Isichoweza kusoma inakiacha. Rekodi zilizoharibika zinaachwa nyuma, na faili linafunguka vizuri kabisa likiwa na pengo ambalo halionekani kwa macho. Niliwahi kuitwa kwenye duka moja la dawa ambako jambo hilo lilitokea: faili lilikarabatiwa, kila mtu akafurahi, na miezi miwili baadaye ndipo msambazaji alipoleta madai ya ankara ambazo kwenye kompyuta hazikuwepo. Faili bovu la awali, ambalo bado lilikuwa na ankara hizo ndani yake, lilikwishafutwa. Sikuweza kuwasaidia.

Kwako wewe kukataa kwake ni heri. Ukarabati ulioshindwa kwa kawaida haulibadilishi faili la awali, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba faili bado liko kama lilivyokuwa Jumatatu saa nane. Ndiyo maana nataka libaki hivyo.

Kuhusu swali lako: hapana, siamini kwamba data imepotea yote. Ili uone kwa nini, inabidi nikueleze kilichotokea.

Access haina seva. Mfumo wa benki una mashine moja inayopokea maombi na kuandika peke yake, lakini kwenu injini ya kanzidata (sehemu ya Access inayosoma na kuandika data) inafanya kazi ndani ya kila kompyuta, na zote tatu zinaandika kwenye faili moja kama makarani watatu wanaozungushiana leja moja. Faili lenyewe limekatwa katika kurasa za baiti 4,096 kila moja. Lako la megabaiti 210 lina kurasa zaidi ya 53,000. Ukiingiza rejesho moja la shilingi 50,000, injini haigusi ukurasa mmoja. Inaandika kwenye ukurasa wa data, inaandika kwenye faharasa (orodha ya kutafutia rekodi haraka) ya namba ya rejesho, kwenye faharasa ya namba ya mwanachama, pengine na ya tarehe, na pale ukurasa unapojaa inaandika kwenye ramani inayoonyesha nafasi zilizo wazi. Rejesho moja, kurasa nne au tano. Umeme ukikatika baada ya ukurasa wa pili, leja inabaki imeandikwa nusu.

Zaidi ya hayo, kwenye ukurasa wa kwanza wa faili kuna jozi za baiti, jozi moja kwa kila mtumiaji anayeweza kuingia, na nafasi zao ni 255. Kompyuta inapoanza kuandika inabadilisha jozi yake, ikimaliza inairudisha. Ikizimika katikati, alama inabaki. Anayefuata kulifungua anaikuta, na injini inalishuku faili zima hata kama kilichoharibika ni kidogo sana. Laptop yako ilibaki hai kwa betri, lakini kompyuta ya meneja ilizimika, na nina hakika kifaa cha Wi-Fi nacho kilizimika. Laptop ilikuwa inaandika kwenye faili ambalo halipo tena upande wa pili.

Ujumbe uliokutokea unatoka mlangoni kabisa. Maana yake injini imesoma mwanzo wa faili na haikuona inachokitarajia. Ujumbe huohuo hutokea mtu akijaribu kufungua faili jipya kwa Access ya zamani, kwa hiyo hakikisha unajaribu kwenye kompyuta ileile iliyokuwa ikilifungua siku zote. Kama ndiyo, basi tunaangalia mlango wenyewe.

Pakua programu ya bure inayoitwa HxD. Inakuonyesha faili baiti kwa baiti, namba upande wa kushoto na herufi upande wa kulia. Fungua nakala, usifungue ASILI. Faili la accdb lisiloharibika huanza hivi:

00 01 00 00 53 74 61 6E 64 61 72 64 20 41 43 45 20 44 42 00

na upande wa herufi utasoma “Standard ACE DB”. Mafaili ya zamani ya mdb husomeka “Standard Jet DB”. Baiti inayofuata ni toleo: 02 kwa faili la Access 2007, 03 kwa la 2010. Baada ya hapo utaona takataka. Usishtuke, sehemu hiyo hufunikwa makusudi hata kwenye faili lisiloharibika.

Utakutana na hali moja kati ya tatu.

Hali mbaya ni kuona sifuri tupu, 00 00 00 00, ukishuka chini ni sifuri, ukienda katikati ni sifuri, hadi mwisho. Windows huandika urefu wa faili mahali pamoja na yaliyomo mahali pengine, na umeme unaweza kukatika urefu ukiwa umeshaandikwa huku yaliyomo hayajafika kwenye diski. Faili linaonekana lina megabaiti 210 lakini ndani ni tupu. Hapo hakuna programu ya kukarabati Access itakayokusaidia, hata ikiuzwa kwa dola mia tatu, kwa sababu hakuna cha kukarabati. Kazi inahamia kwenye diski: bonyeza folda kwa kitufe cha kulia uangalie kama Windows ina “Previous Versions”, kisha jaribu PhotoRec, programu ya bure inayopekua diski nzima ikitafuta mianzo ya mafaili yaliyofutwa, ya Access yakiwemo. Kila mara mtu alipofanya “Compact” siku za nyuma, faili la zamani lilifutwa likabaki kwenye diski bila jina. Nimewahi kumpata mtu faili la wiki tatu nyuma kwa njia hiyo. Sharti lake ni kwamba kompyuta ya meneja izimwe sasa hivi na isiandikiwe chochote, maana kila saa inapotumika inafunika mabaki hayo. Kama diski ni SSD (ile isiyo na sahani inayozunguka ndani), matumaini hupungua, kwa kuwa SSD nyingi husafisha zenyewe nafasi zilizofutwa.

Hali ya pili ni mwanzo kuharibika huku sehemu iliyobaki ikiwa salama, na kwa ujumbe ulioupata nadhani uko hapa. Shuka hadi anwani 1000 katika hesabu ya heksa (ile ya tarakimu 0 hadi F, ambayo HxD huitumia), kisha 2000, 3000, na kuendelea. Hapo ndipo kila ukurasa unapoanza. Ukurasa wenye data huanza na 01 01. Wenye maelezo ya jedwali huanza na 02 01. Za faharasa huanza na 03 01 au 04 01. Ukiona mfululizo huo unaendelea vizuri, moyo utulie, leja ipo na kilichong’oka ni jalada. Jaribu pia kutafuta jina la mwanachama mmoja unayemfahamu. Access huhifadhi maandishi kwa namna mbili, moja herufi zikifuatana, nyingine kukiwa na nukta kati ya herufi na herufi, kwa hiyo tafuta mara mbili, mara ya pili ukiwa umechagua Unicode. Nakumbuka mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye faili lililokataa kila kitu: majina yakaanza kujipanga kutoka chini ya ukurasa kwenda juu, maana Access hujaza rekodi kuanzia mwisho wa ukurasa. Mwenye faili alikuwa amesimama nyuma yangu, akayasoma kwa sauti moja baada ya jingine.

Hapa ile bakapu yako ya miezi minne inapata kazi kubwa kuliko unavyodhani. Ni ya faili hilohilo, kwa hiyo ukurasa wake wa kwanza unafanana sana na ule uliong’oka. Katika HxD, fungua bakapu, chagua baiti 4,096 za mwanzo, yaani kutoka 0 hadi FFF, zinakili, kisha uzibandike juu ya baiti hizohizo kwenye nakala ya faili bovu. Bandika kwa kufunika, usibandike kwa kuingiza. Ukizichomeka katikati utasukuma kurasa zote 53,000 na kuziharibu. Faili libaki na ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho. Hifadhi, kisha jaribu kulifungua. Njia hii haifaulu kila mara, na haifai kama nywila iliwekwa au kubadilishwa baada ya bakapu, lakini imenifungulia mafaili ambayo wenyewe walikwishayakatia tamaa.

Hali ya tatu ni mwanzo kuwa mzima. Basi tatizo liko ndani, na utaratibu ni uleule utakaoufuata baada ya kufaulu katika hali ya pili.

Utaratibu wenyewe una kanuni moja: okoa majedwali, achana na faili. Fomu na ripoti zipo kwenye bakapu yako ya miezi minne, na hata zingekosekana mtu anaweza kuzitengeneza upya. Marejesho ya wanachama hakuna awezaye kuyatengeneza upya kutoka kichwani. Kwa hiyo usihangaike kulifanya faili bovu lifanye kazi tena. Anzisha faili jipya tupu, nenda sehemu ya data ya nje, chagua kuingiza kutoka Access, elekeza kwenye nakala, chagua majedwali peke yake. Anza na jedwali moja dogo, labda la aina za mikopo. Likiingia, chukua la wanachama. Usichague yote kwa mpigo, maana moja likigoma hutajua ni lipi.

Majedwali mengi yataingia bila shida. Litakalokusumbua huenda ni la marejesho, kwa kuwa ndilo lililokuwa linaandikwa. Likikataa kuingia lote, liingize kwa vipande. Kwenye faili jipya tengeneza jedwali tupu lenye safu zilezile, usiweke faharasa yoyote bado. Kisha unganisha, bila kuingiza, jedwali bovu, na uendeshe sentensi ya amri kama hii:

INSERT INTO MarejeshoMapya SELECT * FROM Marejesho WHERE ID BETWEEN 1 AND 5000;

Ikipita, endelea na 5001 hadi 10000. Ikigoma, gawanya kipande hicho nusu kwa nusu: 2500, kisha 1250, hadi umfikie mkorofi. Mara nyingi ni rekodi moja, mbili, au ukurasa mmoja wenye rekodi ishirini hivi. Ziruke, andika namba zake kwenye karatasi, endelea mbele. Ukikwama kabisa, jaribu kutokea mwisho ukirudi nyuma, yaani namba kubwa kwanza, ili ulifikie eneo bovu kutoka pande zote mbili na kubakiza pengo dogo katikati.

Kuna ishara moja inayowachanganya watu. Unagusa rekodi, Access inakuambia kwamba wewe na mtumiaji mwingine mnabadilisha data ileile kwa wakati mmoja, ilhali uko peke yako ofisini na mlango umefungwa. Ujumbe huo una namba 3197, na karibu kila mara unamaanisha kwamba safu ya maelezo marefu imeharibika, ile iliyokuwa ikiitwa Memo na siku hizi Long Text. Maelezo marefu hayakai pamoja na rekodi. Rekodi hubeba kielekezi tu, na maneno yenyewe hukaa kwenye kurasa nyingine, ambazo ukizitazama kwa HxD utaona zimeandikwa LVAL karibu na mwanzo. Kielekezi kikielekea kusikostahili, rekodi nzima inaonekana mbovu wakati kiasi, tarehe na namba ya mwanachama ni salama kabisa. Dawa yake ni kutaja safu kwa majina badala ya kuchukua zote kwa nyota, na kuiacha safu ya maelezo. Utapoteza maneno ya “alilipa kupitia mwanae”, lakini shilingi zitabaki.

Kama Access yenyewe inagoma kwa namna zote hizo, tafuta kijana mwenye kompyuta ya Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows), au uiweke Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwenye mashine ya akiba. Kuna kifurushi cha bure kinaitwa mdbtools. Kinasoma mafaili ya mdb na accdb bila injini ya Microsoft, bila kujali alama zile za mlangoni, na katika kusoma hakiandiki chochote kwenye faili. Amri ni mbili:

mdb-tables -1 nakala3.accdb

inakupa majina ya majedwali, na

mdb-export nakala3.accdb Marejesho > marejesho.csv

inakutolea jedwali lote kama maandishi yanayofunguka kwenye Excel. Uzuri wake ni kwamba inapita ukurasa kwa ukurasa, haitegemei faharasa. Na faharasa ndiyo huharibika mara nyingi zaidi kuliko data. Nimeona jedwali ambalo Access ilidai lina rekodi 600 huku mdbtools ikitoa zaidi ya 9,000. Rekodi zote zilikuwepo, ila Access ilikuwa inazifuata kwa kamba ya faharasa iliyokatika. Kwa anayejua Java ipo pia maktaba inayoitwa Jackcess, nayo ya bure, na huwa mvumilivu zaidi ukiandika programu ndogo ya kuruka kurasa mbovu. Ila kama faili lenu la accdb liliwekwa nywila, yaliyomo yamefumbwa kwelikweli, na mdbtools itaona takataka. Hapo utategemea Access na ule ukurasa wa kwanza.

Utaona pia matangazo ya programu za kulipia. Baadhi zinafanya kazi. Nyingi hukuruhusu kutazama zilichokipata kabla ya kulipa, kwa hiyo usitoe senti hadi uone kwa macho yako marejesho ya siku ile ya Jumatatu. Kuona majina ya majedwali pekee hakutoshi. Na usikubali kulipandisha faili kwenye tovuti inayosema itakukarabatia. Humo kuna majina ya wanachama, namba zao za simu, mikopo yao na wadhamini wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakubana wewe na chama chako juu ya taarifa hizo, na hata bila sheria, ni siri za watu waliowaamini.

Sasa chukua muda kwenye hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na wewe kama mhasibu unaiweza kuliko sisi: kuhakiki. Faili jipya likikamilika, usilitumie bado. Hesabu rekodi za kila jedwali, ulinganishe na bakapu. Kila kilichokuwepo miezi minne iliyopita lazima kiwepo sasa, isipokuwa kile mlichokifuta wenyewe. Tafuta namba zilizoruka kwenye safu ya namba ya marejesho. Mapengo machache ni kawaida, maana mtu akianza kuandika rekodi akaghairi namba huungua, lakini pengo la namba thelathini mfululizo ni rekodi zilizobaki kwenye ukurasa mbovu. Tafuta marejesho yasiyo na mkopo, na mikopo isiyo na mwanachama. Kisha jumlisha marejesho kwa kila mwezi, uyaweke kando ya taarifa za benki na daftari la fedha taslimu. Mwezi unaokataa kulingana ndio wa kuchimbua, na hapo ndipo vitabu vya stakabadhi vinapotoka kabatini. Kwa miezi mitatu ya mwanzo nadhani hutapata tofauti. Nguvu nyingi zitakwenda kwenye siku ile ya tukio na siku mbili tatu kabla yake. Wanachama wenye vijitabu vyao waite waje navyo.

Urari ukikubali, ndipo urudishe funguo kuu (safu ambazo namba zake haziruhusiwi kujirudia) na mahusiano ya majedwali. Nilikwambia usiweke faharasa mwanzoni kwa sababu hii: ukiweka ufunguo mkuu na Access ikalalamika kwamba kuna namba zinazojirudia, umegundua rekodi iliyosomwa mara mbili, jambo ambalo usingeliona vinginevyo. Angalia pia namba inayojiongeza yenyewe inaanzia wapi. Baada ya kuhamisha data inaweza kurudi nyuma na kuanza kutoa namba zilizokwishatumika. Ingiza rekodi moja ya majaribio, uitazame namba yake, uifute. Fomu na ripoti zichukue kutoka kwenye bakapu.

Mambo ya kubadilisha kabla hamjaanza tena si mengi, lakini usikubali kuyaahirisha hadi baada ya mkutano. Gawa mfumo mara mbili: majedwali yabaki kwenye faili moja katika folda ya pamoja, fomu na ripoti ziwe kwenye faili la pili ambalo kila mmoja ana nakala yake kwenye kompyuta yake. Access ina chombo chake cha kugawa hivyo. Anayepotezewa fomu hapotezi data. Laptop yako iache Wi-Fi wakati wa kuingiza data, uitumie kwa waya. Najua ni usumbufu, lakini Wi-Fi hukatika kwa sekunde moja bila wewe kujua, na sekunde moja inatosha. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) iwekwe kwenye kompyuta ya meneja na kwenye swichi au kifaa cha mtandao pia. Kompyuta ikibaki hai huku mtandao umezimika, mmerudi palepale. Faili lisikae ndani ya folda ya OneDrive wala Dropbox, kwa kuwa programu hizo hunakili faili zima wakati wengine wanaandika ndani yake.

Kama mmewahi kuona ujumbe kwamba kanzidata iko katika hali isiyolingana hata siku ambazo umeme haukukatika, mwiteni fundi azime kipengele cha Windows kinachoitwa leasing kwenye kompyuta inayohifadhi faili. Tangu matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2018 kipengele hicho kimewaharibia wengi mafaili ya Access, na Microsoft wenyewe walitoa maelekezo ya kukizima.

Bakapu iwe ya kila siku jioni, watu wote wakiwa wametoka ndani ya faili. Utajua wametoka kwa kuona lile faili dogo la laccdb limetoweka. Nakala ya Ijumaa ifunguliwe kweli, mtu aangalie rejesho la mwisho la siku hiyo kama lipo. Na kama chama kinakua, anza kumwambia meneja kuhusu kuhamisha majedwali kwenda PostgreSQL au SQL Server Express, mifumo ya kanzidata yenye seva, zote za bure, huku mkiendelea kutumia fomu zenu zilezile za Access. Kwenye mifumo hiyo umeme ukikatika katikati ya rejesho, seva ikiwaka inalikamilisha au inalifuta lote, hailiachi nusu. Faili la Access lina kikomo cha gigabaiti 2, na mkianza kuweka picha za wanachama ndani yake mtakifikia mapema kuliko mnavyodhani.

Kwa leo, fanya mawili tu: nakala ya ASILI, na kutazama mstari wa kwanza kwa HxD. Niandikie baiti ishirini na moja za mwanzo unazoziona, na unachokikuta kwenye anwani 1000, 2000 na 3000, nikuambie uko katika hali ipi. Faili lenyewe usinitumie.